Kukataa kwa Kuchelewesha: Kisa cha Norwich na Haki ya Mpangaji Kununua Nyumba ya Halmashauri

Mnamo Desemba 1981, Michael Heseltine, aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Uingereza, aliiondolea Halmashauri ya Jiji la Norwich kazi ya kuwauzia wapangaji nyumba zao na kuikabidhi kazi hiyo kwa maofisa wa wizara yake. Halmashauri haikuwa imekataa kuuza, wala haikudai kwamba sheria haiihusu. Ilipokea maombi, iliyasajili, na ilikiri kwamba waombaji wengi walikuwa na haki waliyokuwa wakiidai. Lawama ya waziri ilikuwa moja tu: kwamba mambo yalikwenda polepole kiasi kwamba haki iliyotolewa na Bunge ilikuwa haimfikii mtu aliyekusudiwa. Kisa hiki kina zaidi ya miaka 40, lakini yeyote anayetaka kuelewa kwa nini maombi ya kununua nyumba ya halmashauri huchukua muda mrefu, na mpangaji anaweza kufanya nini, atayakuta maswali yote ya msingi humo.

Sheria ya Makazi ya 1980, iliyoanza kutumika tarehe 3 Oktoba mwaka huo chini ya serikali ya Margaret Thatcher, ilimpa mpangaji aliyekaa katika nyumba ya umma kwa miaka 3 au zaidi haki ya kuinunua kwa punguzo. Punguzo lilianza na asilimia 33 ya thamani ya nyumba, likapanda kwa asilimia 1 kila mwaka wa ziada, hadi kufikia asilimia 50 kwa aliyekuwa mpangaji kwa miaka 20. Asiyekuwa na fedha za kukamilisha ununuzi mara moja aliweza kuweka amana ya pauni 100 na kuishikilia bei kwa miaka 2, na alikuwa na haki ya kupata mkopo kutoka kwa halmashauri yenyewe. Hata kabla ya hapo halmashauri ziliruhusiwa kuuza nyumba, na baadhi ziliuza kwa maelfu. Kilichobadilika mwaka 1980 ni kwamba hiari ilihama: sasa mpangaji ndiye aliyeamua kama nyumba inauzwa, na mwenye nyumba alibaki na wajibu wa kutekeleza.

Norwich ulikuwa mji ambao badiliko hilo liliuma zaidi kuliko mahali pengi. Ni mmoja wa miji ya Uingereza iliyokuwa na sehemu kubwa kabisa ya wakazi wake katika nyumba za halmashauri, urithi wa miongo mingi ya ujenzi ulioanza na mitaa kama Mile Cross katika miaka ya 1920. Chama cha Labour kilichoongoza jiji kiliziona nyumba hizo kuwa mali ya vizazi, si bidhaa. Madiwani waliamini kwamba kila nyumba nzuri inayouzwa ni nyumba moja iliyopotea kwa familia iliyo kwenye orodha ya kusubiri, na kwamba zitakazonunuliwa kwanza ni zile bora, zenye bustani na vyumba vya kutosha, huku halmashauri ikibaki na zile ambazo hakuna anayezitaka. Naitaja hofu hiyo mapema kwa sababu ilikuwa ya kweli na historia imeithibitisha kwa kiasi kikubwa: takriban nyumba milioni 2 zimeuzwa chini ya haki hii katika England tangu 1980, na zilizojengwa kuchukua nafasi yake ni chache mno. Hatutendi haki tukiwasimulia madiwani wa Norwich kama watu wakaidi wasio na sababu.

Lakini tuangalie kilichotokea kwenye faili la mpangaji. Mpangaji alijaza fomu ya kudai haki yake. Halmashauri ilitakiwa kumjibu ndani ya muda maalumu kama inakubali au inakataa dai lake, na hatua hiyo haikuwa na mgogoro mkubwa. Baada ya hapo ilipaswa kumpa notisi ya pili, ile yenye bei, punguzo, masharti na maelezo ya mkopo. Hapo ndipo faili lilipolala. Kila nyumba ilihitaji kuthaminiwa, na Norwich ilisisitiza kuifanya kazi hiyo kwa watumishi wake wachache, ambao pia walikuwa na kazi nyingine za jiji. Wizara iliishauri mara kwa mara imtumie Mthamini wa Wilaya, ofisa wa serikali kuu, au wathamini binafsi, kama halmashauri nyingine zilivyokuwa zikifanya ili kupunguza mlundikano. Norwich haikukubali. Juu ya hilo, iliweka mahojiano ya ushauri ambamo mpangaji alielezwa gharama na hatari za kumiliki nyumba kabla hajasonga mbele, na mahojiano hayo nayo yalikuwa na foleni yake.

Kuhusu mthamini, halmashauri ilikuwa na hoja isiyopaswa kupuuzwa. Sheria ilimpa Mthamini wa Wilaya kazi ya kusikiliza malalamiko ya mpangaji asiyeridhika na bei aliyopewa. Iwapo ofisa huyo huyo ndiye aliyepanga bei ya kwanza, mpangaji anapomwendea kulalamika anamkuta mtu anayeikagua kazi ya ofisi yake mwenyewe. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kubwa zaidi kama halmashauri ingeifuatisha na hatua nyingine, yaani kuajiri wathamini binafsi au kuongeza watumishi. Haikufanya hivyo kwa kiwango kilichohitajika. Hata mahojiano ya ushauri, ambayo katika hali ya kawaida ningeyatetea, hasa wakati ule riba ya mikopo ya nyumba ilipokuwa ikikaribia asilimia 15 na familia ya kipato kidogo ingeweza kujitia kitanzi, yaligeuka kuwa lango jingine la kusubiria badala ya msaada unaotolewa sambamba na hatua nyingine.

Ili kuelewa uzito wa ucheleweshaji huo, ni lazima kuona nafasi ya bei katika mlolongo wote. Pasipo notisi ya bei, mpangaji hawezi kuamua kama atanunua. Hawezi kupeleka ombi la mkopo lenye maana, kwa sababu hajui anaomba kiasi gani. Hawezi kukata rufani kwa Mthamini wa Wilaya, kwa sababu rufani ni dhidi ya bei na bei haipo. Hawezi hata kuamua kutonunua kwa moyo mkunjufu. Halmashauri inayonyamaza katika hatua hii imefunga milango yote kwa ufunguo mmoja, na imefanya hivyo bila kuandika neno lolote ambalo mpangaji anaweza kulipeleka mahakamani kama kukataliwa. Kila aliyewahi kufuatilia hati katika ofisi ya umma analijua jibu la njoo kesho, na anajua kwamba ni gumu kulipinga kuliko hapana iliyo wazi.

Sheria yenyewe ilikuwa na pengo lililoruhusu hali hiyo. Ilitaja wiki za kujibu dai la kwanza, lakini kwa notisi ya bei ilisema tu kwamba itolewe mapema kadiri inavyowezekana. Nani anaamua kinachowezekana? Halmashauri yenye watumishi wachache inaweza kusema kwa ukweli mtupu kwamba hiki ndicho kiwango chake, na uchache wa watumishi hao ni matokeo ya uamuzi wake yenyewe wa jinsi ya kugawa bajeti. Walioandika sheria walilitarajia jambo hili, lakini badala ya kuweka ukomo wa siku walimpa waziri mamlaka. Kifungu cha 23 kiliruhusu waziri kuingilia kati pale anapoona kwamba wapangaji wana shida, au wanaweza kuwa na shida, katika kuitumia haki yao kwa ufanisi na kwa haraka. Akishaingia, angeweza kufanya yote ambayo halmashauri ingeyafanya, na gharama zikairudia halmashauri yenyewe.

Norwich ilikwenda mahakamani kuipinga amri ya waziri. Ilishindwa katika hatua ya kwanza, ikakata rufani, na Februari 1982 Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Lord Denning pamoja na majaji Kerr na May, ikaitupa rufani hiyo. Hoja kuu ya halmashauri ilikuwa kwamba waziri hakuwa na haki ya kuingilia isipokuwa halmashauri imetenda kinyume na busara, na kwamba yenyewe ilikuwa ikifanya kazi kwa nia njema katikati ya majukumu mengine mazito. Mahakama ilisoma kifungu kwa namna nyingine. Kipimo hakikuwa tabia ya halmashauri bali hali ya mpangaji. Kama wapangaji wana shida katika kuitumia haki yao kwa haraka, waziri anaweza kuingilia, hata kama halmashauri inaweza kutoa maelezo mazuri ya kila siku iliyopotea. Majaji hawakuficha kwamba mamlaka hayo yalikuwa makubwa kupita kawaida, na kwamba Bunge lilikuwa limeyaandika kwa makusudi ya kubana nafasi ya mahakama kuyachunguza. Maofisa wa wizara wakaingia Norwich na kuanza kutoa notisi.

Kwa maoni yangu, kipimo kile ndicho sehemu ya kudumu ya hukumu hii, na ndicho ambacho wapangaji na washauri wao hukisahau. Mara nyingi malalamiko ya ucheleweshaji huanza kwa kutafuta mkosaji: ofisa gani amelala, faili liko meza ya nani, kuna hila gani. Halmashauri hujibu kwa kueleza upungufu wa watumishi, na mjadala unaishia kwenye huruma. Mahakama ilisema kwamba swali la kwanza ni kama mwenye haki anaipata haki yake kwa wakati. Ni njia ya haki zaidi kwa pande zote mbili, maana inamwondolea mpangaji mzigo wa kuthibitisha ubaya wa mtu, na haimlazimu mtumishi aliyezidiwa na kazi kubeba lawama isiyo yake.

Hata hivyo, dawa iliyotumika ilikuwa na kasoro kubwa, nayo ni kwamba ilikuwa mikononi mwa waziri. Mpangaji wa Norwich hakuwa na fimbo yake mwenyewe. Alimtegemea mwanasiasa wa London aone kwamba mji wake unafaa kufanywa mfano, na wanasiasa huchagua mifano kwa sababu zao. Mpangaji wa halmashauri ndogo iliyochelewa kwa uzembe tu, isiyo na mgogoro wa kiitikadi na serikali, hakuwa na wa kumkimbilia.

Pengo hilo lilizibwa kwa awamu. Sheria ya Makazi ya 1985, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo katika England, imeweka muda kwa hatua zote mbili za mwanzo. Halmashauri hujibu dai ndani ya wiki 4, au 8 pale ambapo sehemu ya miaka ya upangaji ilikuwa chini ya mwenye nyumba mwingine. Ikikubali, hutoa notisi ya bei ndani ya wiki 8 kwa nyumba inayouzwa kwa umiliki kamili na wiki 12 kwa fleti inayouzwa kwa mkataba wa muda mrefu. Kisha mwaka 1988 ikaongezwa njia ambayo mpangaji anaishika mwenyewe. Halmashauri ikichelewa, mpangaji huipelekea notisi ya kwanza ya ucheleweshaji, fomu inayojulikana kama RTB6, akiipa muda usiopungua mwezi mmoja kurekebisha. Ikinyamaza, mpangaji huipelekea ya pili, RTB8, na kuanzia hapo kodi anayolipa inaweza kuhesabiwa pia kama malipo ya sehemu ya bei ya nyumba. Kipindi hicho kikizidi miezi 12, kiasi kinachohesabiwa huongezwa kwa asilimia 50. Huo ni ubunifu mzuri wa kisheria: kila mwezi wa kuchelewa unamgharimu anayechelewesha, na hakuna haja ya wakili wala waziri.

Inasikitisha kwamba wengi hawazitumii fomu hizo. Wapo wanaoogopa kwamba kumshitaki mwenye nyumba kutawachelewesha zaidi, na wapo ambao hawajawahi kuambiwa kwamba zipo. Katika familia za Waswahili waishio katika nyumba za halmashauri za London, ambamo mzee aliyesaini mkataba wa upangaji mara nyingi huachia vijana wake mambo ya barua na ofisi, notisi hukaa kwenye droo hadi muda umepita. Fomu hizo ni fupi. Hazihitaji ugomvi, zinahitaji tarehe sahihi na uthibitisho kwamba zimefika.

Kuna anayeweza kuuliza ucheleweshaji unamdhuru vipi mpangaji, ikiwa bei hupimwa kwa thamani ya siku alipowasilisha dai lake na si siku ya kukamilisha ununuzi. Ni kweli kwamba bei ya nyumba ikipanda katikati, mpangaji hapotezi. Lakini vingine vyote vinavyomzunguka havikusimama. Ahadi ya mkopo kutoka benki hudumu kwa miezi michache, na ikiisha huandikwa upya kwa riba ya siku hiyo. Umri unaongezeka, na mkopeshaji anayekubali kumpa mtu wa miaka 58 mkopo wa miaka 15 anaweza kusita akifika 60. Kazi hupotea. Familia inayokwepa riba na kuchangisha fedha kwa ndugu haiwezi kuzifungia fedha hizo kwa mwaka mzima, kwa sababu kila ndugu ana ada za shule, msiba na harusi yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa tumbo ni la nyumba nzima.

La kutisha kuliko yote ni kifo. Katika kesi iliyohusu halmashauri ya Bradford mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpangaji alifariki kabla ununuzi haujakamilika. Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kununua ilikwenda pamoja na upangaji wake, na warithi hawakuweza kuidai nyumba. Ndiyo maana kifungu kinachomruhusu mpangaji kuwashirikisha hadi watu 3 wa familia yake wanaoishi naye ni muhimu kuliko kinavyoonekana kwenye fomu. Katika kesi ya halmashauri ya Harrow, binti aliyeandikwa pamoja na mama yake katika dai aliweza kuendelea na ununuzi baada ya mama kufariki. Jina moja zaidi kwenye karatasi lilitosha kuifanya miezi ya kusubiri isiangamize kila kitu.

Uzito wa mambo haya ulionekana tena mwaka 2024. Tarehe 30 Oktoba, katika hotuba ya bajeti, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kikomo cha punguzo kitashushwa, na mabadiliko yakaanza tarehe 21 Novemba. Katika sehemu kubwa ya London kikomo kilishuka kutoka pauni 136,400 hadi 16,000, tofauti ya pauni 120,400 inayotegemea tarehe ya kupokelewa kwa fomu peke yake. Watu walikimbilia ofisi za halmashauri ndani ya wiki tatu hizo. Madai mengi yakaangukia meza zilizozoea machache, wathamini wakawa haba, na mawakili wa halmashauri wakazidiwa. Hakuna aliyekusudia kuchelewesha. Lakini kwa kipimo cha Norwich kusudio si hoja. Kwa waombaji wa kipindi kile hatari nyingine ilikuwa fomu kurudishwa kwa kosa dogo, kwa maana ombi jipya lingehesabiwa chini ya kikomo kipya. Ni vyema ijulikane kwamba kifungu cha 177 cha sheria ya 1985 kinasema notisi ya mpangaji haibatiliki kwa sababu tu ya kosa au upungufu katika maelezo yake.

Narudi kwenye madhumuni ya madiwani wa Norwich, kwa sababu naona walikuwa sahihi kuhusu nyumba na walikosea kuhusu njia. Mtu anayeamini kwamba nyumba za umma zisiuzwe ana njia za wazi. Uskoti iliifuta haki hii mwaka 2016 na Wales mwaka 2019, kila moja kupitia bunge lake, kwa tarehe zilizotangazwa mapema, ili mpangaji ajue anasimama wapi. Julai 2025 serikali ya Uingereza ilieleza nia ya kuongeza muda wa kustahili katika England kutoka miaka 3 hadi 10, na kuzilinda nyumba mpya za umma zisiuzwe kwa miaka 35. Mtu anaweza kuunga mkono hatua hizo, nami naziunga, bila kukubali kwamba mpangaji aliyekwisha kudai haki iliyopo kisheria azungushwe hadi achoke. Aliyezungushwa Norwich hakuwa Thatcher wala Heseltine. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu au mjane wa Mile Cross aliyelipa kodi kwa miaka 20.

Linabaki pengo moja ambalo sheria haijaligusa. Muda umewekwa kwa jibu la dai na kwa notisi ya bei, lakini baada ya mpangaji kukubali bei hakuna idadi ya wiki iliyotajwa ambamo halmashauri lazima ikamilishe uhamisho wa umiliki. Kifungu cha 138 kinasema tu kwamba ikishakubaliwa kila kitu, itekeleze. Mwaka 1990, katika kesi ya halmashauri ya Welwyn Hatfield iliyovuta muda kwa sababu ilikuwa na mipango mingine kuhusu nyumba zile, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba wajibu huo unatekelezeka kwa amri ya mahakama, na kwamba halmashauri haiwezi kujinufaisha kwa kusubiri. Hukumu hiyo inamfaa mwenye uwezo wa kwenda mahakamani. Kwa wengine, hatua ya mwisho, ile ya mawakili, ramani za mipaka na rasimu za mikataba ya fleti, haina ukomo isipokuwa ule wa kuitumia RTB6 kwa mara nyingine. Serikali inapoiandika upya sheria hii, kuongeza wiki 12 za kukamilisha uhamisho, zikianza siku mambo yote yanapokubaliwa, ni mstari mmoja wa maandishi, nao usisubiri halmashauri nyingine ipelekwe mahakamani.